Pamba Nyumba kwa Ulichokwisha Kukilipia

Mwaka 1869 Catharine Beecher na mdogo wake, Harriet Beecher Stowe, walichapisha huko Marekani kitabu cha uendeshaji wa nyumba kiitwacho The American Woman's Home. Ndani yake waliweka hesabu ambayo mpaka leo inamfaa kila mtu anayetaka kupendezesha sebule bila kuingia madeni. Walianza na zulia moja la dukani, aina ya Brussels, la dola 80, kitu ambacho familia ya kipato cha kati ilikinunua kwanza kisha ikabaki haina fedha ya kingine chochote. Dada hao wakaonyesha kwamba fedha hizo hizo zinatosha chumba kizima: karatasi za ukutani na ukingo wake dola 5.50, yadi 30 za mkeka dola 15, meza ya katikati pamoja na kitambaa chake dola 15, mapazia ya melimeli kwa madirisha matatu dola 6.75, yadi 30 za kitambaa cha chiti ya kijani dola 7.50, na viti sita dola 12. Jumla ni dola 61.75, na zinazobaki, zaidi ya dola 18, ni za picha. Kochi halimo katika orodha kwa sababu lilipaswa kuundwa hapo hapo nyumbani: fremu ya mbao, godoro lililojazwa kwa mkono, na chiti juu yake. Kiti cha mikono kilichovunjika na kusahauliwa darini kilishushwa, kikapigwa misumari, kikajazwa upya na kuvishwa chiti ile ile.

Katika hesabu hiyo mimi naona zaidi ya werevu wa bei. Watu wengi wanaotazama mapambo ya enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, huamini kwamba nyumba za wakati ule zilibana matumizi kwa sababu wanawake walijua kushona, kufuma na kubandika. Si kweli, au ni nusu ya kweli. Kazi ya mikono yenyewe haikuokoa fedha. Kilichookoa ni mahali kazi ilipoanzia. Iliyoanza na kitu kilichokwisha kulipiwa, yaani koti kuukuu, gunia tupu, kiti kibovu au gazeti la mwaka jana, ilitajirisha nyumba. Iliyoanza dukani, kwa kununua nyuzi, shanga na vielelezo vya kufuata, mara nyingi iligharimu kuliko kununua kitu kilichokamilika. Makosa hayo hayo yanafanyika leo, na ndiyo sababu naiona enzi ile kuwa mwalimu mzuri kwetu: walijaribu njia zote mbili, na matokeo yake yanaonekana.

Fikiria kwanza kwa nini nyumba zao zilijaa mapambo kiasi kile. Nchini Uingereza kodi ya karatasi za ukutani, iliyokuwapo tangu 1712, ilifutwa mwaka 1836. Ushuru wa vioo ukafutwa 1845, kodi ya madirisha 1851, na ushuru wa karatasi 1861. Mitambo ya kuchapa karatasi za ukutani kwa mvuke ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1830, na kitu kilichokuwa cha matajiri kikafika kwa karani na mwalimu. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria akaambulia rangi ya zambarau, rangi ya kwanza ya kiwandani ya kutia nguo iliyopata soko kubwa, na zilizofuata zikashusha bei ya nyuzi za rangi kali. Malighafi zikawa nyingi na rahisi, na wauzaji wakagundua kwamba mtu anayependa kujitengenezea vitu ni mteja mzuri sana.

Hapo ndipo ubanaji matumizi ulipopotea njia. Mfano bora ni ushonaji wa sufu wa mtindo wa Berlin, uliowashika wanawake wa Uingereza kuanzia miaka ya 1830. Mtu alinunua kielelezo kilichochorwa kwenye karatasi ya mirabaraba, akanunua turubai, akanunua sufu laini iliyotiwa rangi Ujerumani, kisha akahesabu mshono mmoja mmoja mpaka apate picha ya kasuku au waridi la kuvisha stuli. Kila hatua ilipitia dukani. Mikono ilikuwa yake, lakini mchoro haukuwa wake na gharama haikuwa ndogo. Mablanketi ya viraka nayo, ambayo asili yake ni kutumia mabaki, yalipatwa na jambo hilo hilo. Baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876, mtindo wa kuunga vipande vya hariri visivyo na umbo maalumu ulienea Marekani kwa nguvu, hata wafanyabiashara wakaanza kuuza mafungu ya vipande vya hariri kwa watu wasio na mabaki ya kwao. Mtu ananunua mabaki ili aonekane anatumia mabaki! Anayeingia leo duka la vifaa vya mapambo akatoka na mfuko wa shanga, gundi ya rangi na maua ya plastiki ili "ajitengenezee mwenyewe" anapita njia ile ile.

Sasa tazama upande wa pili, zulia la matambara la kaskazini mwa Uingereza na Uskoti, kwani hakuna kazi ya enzi ile inayostahili kuigwa kuliko hii. Lilitengenezwa katika nyumba za wachimba makaa, wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Msingi wake ulikuwa gunia la juti, ambalo mji wa Dundee ulikuwa ukifuma kwa wingi kutokana na juti ya Bengal. Gunia lilifumuliwa mishono, likafuliwa, likakazwa kwenye fremu ya mbao. Makoti, suruali, blanketi na sketi za flana zisizovalika tena zilifuliwa na kukatwa vipande. Palikuwa na namna mbili za kufanya. Ya kwanza, kipande kifupi kilisukumwa kwa kijiti chenye ncha, pengine nusu ya kibanio cha nguo cha mbao kilichochongwa, kikapita tundu moja na kurudi tundu la jirani, ncha zote mbili zikasimama upande mmoja. Ya pili, utepe mrefu ulivutwa kwa ndoano kutoka chini ya gunia ukaacha vitanzi juu. Watoto walikata, wakubwa walisukuma, na jioni za baridi zikapita hivyo. Ukingo ulikuwa mweusi au wa kijivu kwa sababu makoti mengi yalikuwa ya rangi hizo, na pia kwa sababu rangi hizo huficha majivu ya jikoni. Flana nyekundu, iliyokuwa adimu, iliwekwa katikati. Zulia jipya lilitandikwa mbele ya moto wakati wa Krismasi, la mwaka uliopita likahamia jikoni, na la kabla yake mlango wa nyuma. Zulia likiwa limechoka kabisa halikuwa na shilingi ya mtu ndani yake ya kusikitikia.

Kazi hiyo inawezekana kwetu, ila si kwa kuiga kila kitu. Nchi ya joto haihitaji sufu. Fulana kuukuu za pamba ni bora zaidi, kwa kuwa kitambaa cha fulana kikikatwa hakifumuki ovyo pembeni na ni chepesi kufulika. Kata tepe za upana wa sentimita mbili na nusu hivi. Zifue zote kwanza, hasa nyekundu na nyeusi, zitoe rangi yake nje ya zulia badala ya ndani. Tumia gunia la juti au la katani, la kahawa au la korosho, na usijaribu kiroba cha plastiki, maana nyuzi zake zikishapanuka hazibani tena kitambaa na zulia litapukutika. Gunia la juti huoza likikaa na unyevu, kwa hiyo usilitandike sakafu inayovuja maji wala mlango wa bafu, na uligeuze juani mara kwa mara. Panga rangi kabla ya kuanza, kwa kufuata kiasi cha nguo ulizonazo. Rangi uliyonayo nyingi ndiyo iwe ya ukingo na uwanja. Iliyo chache iwe ya ua la katikati. Mafundi wale hawakujifunza hilo kitabuni, na zulia linalopangwa hivyo huwa zuri kwa sababu halina sehemu iliyoishiwa kitambaa ikamaliziwa kwa chochote kilichopatikana.

Kazi ya pili ninayoipendekeza ni kisitiri cha mbao na kitambaa kinachokunjika, kilichobandikwa picha zilizokatwa. Jane Carlyle, mke wa mwandishi Thomas Carlyle, alitengeneza chake mwaka 1849 katika nyumba yao ya Chelsea, London, kwa kubandika picha zilizochapwa, na kisitiri hicho bado kipo katika nyumba hiyo, ambayo sasa ni makumbusho. Baadaye wachapaji wa Ujerumani walianza kuuza karatasi zilizojaa picha ndogo za rangi zilizokwisha kukatwa tayari kubandikwa, na visitiri vingi vikaanza kufanana. Naona tofauti hiyo ni ya maana. Kisitiri kilichotokana na magazeti, kalenda, barua na ramani za nyumba fulani kinaonyesha nani anaishi humo. Kilichonunuliwa vipande vyake kinaonyesha duka. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja cha kupanga, kisitiri kina kazi ya kweli: kinatenga kitanda na mahali pa wageni bila kujenga ukuta wala kumwomba mwenye nyumba ruhusa.

Utaratibu wake haujabadilika sana. Fremu mbili au tatu za mbao nyepesi zinaunganishwa kwa bawaba, zinakazwa shuka kuukuu, kisha linabandikwa tabaka la karatasi tupu na juu yake picha, zikipandana ili pasibaki pengo. Zamani walitumia gundi ya unga wa ngano. Huku kwetu nakushauri uiache, kwa kuwa mende na wadudu wengine huifuata; gundi nyeupe ya mbao iliyolegezwa kwa maji inafanya kazi vizuri zaidi. Picha zikikauka, pakaa gundi nyepesi mara mbili, ukisubiri ikauke kila mara, ndipo upake vanishi. Wanaoharakisha hatua hii huona vanishi ikizama ndani ya karatasi na kuacha madoa kama ya mafuta. Hapo pana jambo la kihistoria ambalo msomaji wa pwani atapenda kulijua: vanishi nzuri za karne ya 19 zilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu wa msandarusi uliogandamana ardhini, na iliyothaminiwa sana katika masoko ya Ulaya na Marekani ilikuwa ile iliyopitia Zanzibar. Ilichimbwa upande wa Mrima, yaani pwani ya bara inayokabili Zanzibar, ikapakiwa na merikebu za wafanyabiashara, wakiwemo wa Salem, Massachusetts, ikasafishwa na kuyeyushwa, ikaishia kwenye magari ya farasi, meza na samani za watu ambao hawakujua imetoka kwa nani. Mng'aro wa sebule nyingi za enzi ile ulianzia kwenye jembe la mchimbaji wa pwani yetu.

Ustadi mwingine wa wakati ule ni mdogo na hauhitaji maelezo mengi. Shuka lililochakaa katikati lilichanwa kwa urefu, pande zake ngumu zikashonwa pamoja kuwa katikati mpya. Pazia lililofifia upande wa jua liligeuzwa. Vipande vya blanketi la viraka vilishonwa juu ya karatasi za barua na magazeti ili vipate umbo sawa, na karatasi zilizosahauliwa ndani ndizo zinazowasaidia leo wataalamu kukadiria umri wa mablanketi hayo. Na kile kitambaa kinachowekwa mgongoni mwa kochi, ambacho sebule nyingi za Kenya na Tanzania hazikikosi, kilienea Uingereza kwa sababu ya kawaida kabisa: wanaume walipaka nywele mafuta ya Makassar, na mafuta yaliharibu vitambaa vya viti. Kufua kitambaa kidogo ni rahisi kuliko kuvisha kochi upya. Kikiwa bado kinafanya kazi hiyo, kihifadhi. Kikiwa kimerundikwa mara tatu juu ya kochi la ngozi bandia linalofutika kwa tambara, hakina kazi tena.

Atakayepinga atauliza habari ya muda, na swali lake ni la haki kabisa. Zulia la matambara ni kazi ya wiki nyingi, na wiki hizo zilikuwa za wanawake, bila malipo. Baadhi ya waandishi wa enzi ile walijibu kwamba mwanamke asiwe na mikono mitupu. Jibu hilo silikubali hata kidogo, kwani linafanya muda wa mtu uonekane hauna thamani. Namkubali zaidi Agnes Garrett na binamu yake Rhoda, waliojifunza kazi ya kupamba nyumba kwa msanifu, wakafungua kampuni yao London katika miaka ya 1870, na mwaka 1876 wakachapisha kitabu cha ushauri wa mapambo. Walikuwa pia wanaharakati wa haki ya wanawake kupiga kura. Kwao ujuzi huu ulikuwa kazi yenye bei. Kwa hiyo hesabu saa zako kama unavyohesabu shilingi. Kugeuza pazia ni kazi ya alasiri moja na linadumu miaka, ifanye. Kufuma kitambaa cha meza kwa uzi mpya ni kazi ya miezi. Ifanye ikiwa unapenda kufuma kwenyewe, na usijidanganye kwamba umeokoa fedha. Na kazi isiwe ya mtu mmoja. Katika nyumba za wachimba makaa fremu ya zulia iliwakusanya wote, wakiwemo wanaume, na hakuna sababu ya kijana wa leo kushindwa kukata tepe au kupiga msasa kiti.

Wengine watasema vitu vya plastiki ni rahisi mno, na mitumba imejaa sokoni, kwa nini mtu ajisumbue? Kuhusu mitumba sina ugomvi: pazia zito la mtumba ni malighafi nzuri kuliko kitambaa kipya chepesi, na linaweza kuvisha viti vinne. Kuhusu plastiki, linganisha miaka, usilinganishe bei ya siku ya kununua. Stuli ya mbao iliyojazwa na kuvishwa nyumbani ikichanika inavishwa tena. Ya plastiki ikipasuka inatupwa na nyingine inanunuliwa. Wanaohofia kwamba chumba kitaonekana cha kimaskini wairudie ile chiti ya kijani ya dada Beecher. Siri ya mpango wao ni kwamba kochi na kiti kibovu vilivaa kitambaa kimoja. Vitu vya asili tofauti vikivishwa kitambaa kimoja, jicho linaviona kuwa seti. Unyonge wa chumba hautokani na uzee wa vitu. Unatokana na vitu kumi vyenye rangi kumi.

Pana onyo ambalo sitalipunguza. Rangi ya kijani iliyopendwa sana enzi ile, kwenye karatasi za ukutani na maua bandia, ilikuwa na aseniki, sumu kali. Novemba 1861 Matilda Scheurer, msichana wa miaka 19 aliyekuwa akinyunyiza unga wa kijani kwenye majani ya maua bandia London, alifariki kwa sumu hiyo, na bado biashara iliendelea kwa miaka mingi. Leo hatari iliyo karibu nasi ni risasi katika rangi za mafuta, hasa za zamani. Kabla ya kupiga msasa mlango au kiti kilichopakwa rangi miaka mingi iliyopita, fanya kazi nje, lowesha kwa maji ili vumbi lisipae, funika pua, na uwaweke watoto mbali. Ukinunua rangi mpya, tafuta kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Kama halijaandikwa, acha.

Na usiige wingi wao. Sebule ya miaka ya 1870 ilijaa makombe ya baharini, manyoya, maua ya nta chini ya kuba za kioo na vitambaa juu ya vitambaa, na usafi wake ulitegemea mtumishi wa ndani aliyepangusa kila siku kwa ujira mdogo. Mke wa karani asiye na mtumishi alipangusa mwenyewe. Nchini Uingereza kwenyewe Charles Eastlake, katika kitabu chake cha 1868 kuhusu mapambo ya nyumbani, alishambulia vitu vinavyojifanya visivyokuwa na ununuzi unaofuata mtindo wa msimu, na hata aliposikilizwa na wengi sebule hazikupungua haraka. Huku kwetu, ambako vumbi la barabara linaingia kwa dirisha kila saa, pambo moja jipya lifuatwe na kuondolewa kwa moja la zamani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha yoyote, toa kila kilicho chini ya kitanda na juu ya kabati, ukipange sakafuni kwa aina: pamba, sufu, mbao, karatasi, magunia. Chagua kazi moja tu ambayo rundo lako kubwa linaiwezesha, na usiende dukani mpaka hiyo imefika nusu. Ukienda, orodha yako iwe ya uzi, gundi, misumari, vanishi, na yadi za kutosha za kitambaa kimoja utakachovisha kila kitu chumbani.